Maksai wa Plau

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa aliyealikwa ameshindwa kufika ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa viongozi wa dini. Wenyeviti, makatibu na makaimu makatibu. Wadau wa sanaa kutoka Nyakato, Nyegezi na hapa Kisesa. Wazee wangu, shikamooni! (Minong'ono: "Marahaba. Filamu iko wapi?")

Mimi, Nathaniel Chenge, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Filamu Kanda ya Ziwa, nasimama kifua mbele kuzindua filamu yetu ya matapeli watatu wanaoiba maksai mchana kweupe kwa kumwambia mwenye mali kwamba wanampeleka mnyama wake kuigiza, filamu ambayo kwa mujibu wa tathmini shirikishi imewafurahisha asilimia tisini na saba nukta nne ya watazamaji. (Makofi, meza kuu tu.)

Nasikia maneno ya chinichini kwamba hakuna aliyeiona. Ndugu zangu, wataalamu wetu wa skripti wameliweka wazi hili: ni filamu ya kufurahia na kusahau hapo hapo, kwa hiyo ninyi kutokumbuka hata sekunde moja ndicho kiashiria cha mafanikio, na anayedai kuikumbuka huyo ni mchochezi. (Kicheko. Mama Sabina, mpishi wa leo: "Huyu baba hana haya!") Asante mama kwa fidibeki.

Sasa nije kwa mzee Kashindye, amesimama pale tangu asubuhi na kamba mkononi, aliyetuazima maksai wake tukaahidi kumrudisha kabla ya mvua. (Mzee Kashindye: "Mvua imeshanyesha, mheshimiwa! Mwenzake amebaki peke yake kwenye nira. Mwaka huu nitalima na nini?") Swali zuri, tumelipokea, tutalichakata. Ila kwenye fomu, mzee, uliandika kwa mkono wako "maksai wa plau", ukimaanisha lile jembe la kukokotwa, na sekretarieti, kwa mwandiko ule, ikasoma pilau. (Watu wanatazama sahani zao.)

Filamu hoyee! (Hakuna anayejibu.) Matapeli ziii! (Wote, wakimnyooshea yeye vidole: "Ziiii!")

Nihitimishe kwa kuwashukuru waigizaji, tutakapowapata. Mpiga picha, tutakapomwajiri. Na kamera, itakaponunuliwa. Na wewe mzee Kashindye, hiyo kamba usiitupe: tukianza kurekodi, tutamhitaji yule mwenzake. (Mzee Kashindye anapanda jukwaani, kamba mkononi.)