Proksi ya Maskati

Jumatatu, 23 Februari
Nimefunga, na nimebeba matofali Mbweni tangu asubuhi. Mgongo hauna kauli. Jioni nafungua simu: tangazo la sabuni limezuiwa tena!
Ukurasa ni wa marehemu mke wangu, Mwanaasha. Alikuwa akiuza sabuni za mwani. Akaunti ya matangazo alifunguliwa na kaka yake Nahodha, huko Maskati. Sasa naitumia mie, Chukwani. Kampuni yenye mtandao inaona akaunti ya Maskati inafunguliwa Unguja, inaniona mwizi. Imesema nikiendelea, inafuta ukurasa wote.
Na video yake imo humo. Anacheka, anawaambia wateja wasione haya, waje. Sina pengine pa kuisikia sauti ile. Simu yake ilitumbukia kwenye chokaa.

Jumanne, 24 Februari
Nimekwenda Darajani kwa Ridhwan, fundi simu. Kanipa shikamoo, kaniita ami, kisha kacheka. Kasema dawa ni proksi. Ni kama mlango wa kupitia: mie niko Chukwani, kampuni inaniona niko Maskati. Unakodiwa kwa mwezi. Usiubadilishe badilishe, usiuache ukazimika, na usimpe mtu. Akaunti moja, proksi moja. Hilo la mwisho kalisema kama anamkanya mtoto asichezee moto. Nikamwambia mie si mtoto.
Kasema pia niishushe ile video kwenye simu yangu. Simu imejaa. Nitafuta vitu siku yoyote.
Nimelipa mwezi mmoja, kaniwekea. Tangazo limepita!

Alhamisi, 26 Februari
Jirani yangu Bi Amne kaleta futari. Muhogo wa nazi, samaki, kaimati juu. Nimekula mpaka nimeona aibu.
Sasa sahani. Sahani hairudi tupu, watu watakusema mpaka Idi. Alipokuwepo Mwanaasha sikujua hata zinarudije. Ndani nna chumvi na majani ya chai. Nimepika tambi. Zimegeuka gundi.
Basi nikapata akili. Bi Amne anauza mabuibui mtandaoni, matangazo yake yanazuiwa kila mara. Nimeandika proksi yangu kwenye kikaratasi, pamoja na neno la siri. Nikakiweka katikati ya sahani, nikafunika kawa.
Kasema hajaletewa futari kama hii tangu azaliwe. Nimetembea kifua mbele!

Jumamosi, 28 Februari
Kumbe Bi Amne naye karudishia sahani za watu kwa proksi yangu. Kampa Khairat, muuza udi. Khairat kampa Talib, anayepeleka wageni kuona pomboo Kizimkazi. Leo wamekuja hata nisiowajua kunishukuru, kila mtu na sahani yake. Sambusa, mikate ya kumimina, uji wa pilipili manga. Sijala hivi tangu nifiwe.
Nimekumbuka maneno ya Ridhwan. Lakini utamnyimaje jirani, Ramadhani hii? Na kwani mlango unachakaa kwa kupitwa?

Jumatatu, 2 Machi
Zimefungwa. Akaunti zote! Kampuni imeona mtaa mzima umehamia Maskati kwa mlango mmoja.
Ukurasa wa Mwanaasha umefutwa. Nimebonyeza, nimebonyeza. Hamna kitu. Nimekata rufaa, wamejibu kabla sijakaa: uamuzi ni wa mwisho. Nimempigia shemeji Nahodha. Video hana, na kaniuliza nina akili au nina uji.
Ridhwan kaniuliza kama niliishusha. Nikamwambia nilikuwa nataka kuanza kufuta. Leo hakucheka.
Najaribu kumkumbuka Mwanaasha anavyowaambia wateja karibuni. Maneno nnayo. Sauti imekataa kuja.

Jumanne, 3 Machi
Wamenijia mpaka barazani. Bi Amne kasema mabuibui yatamdodea Idi hii kwa sababu yangu. Talib kauliza kama pomboo nao wahamie Maskati. Khairat kaniangalia tu, kama mtu wa kuombewa dua.
Wana haki. Nimewaponza. Nimefikiri kutwa nzima, zege begani, mpaka nimelijua kosa. Proksi ile ilikuwa ndogo, na watu wengi.
Jioni nimemwambia Ridhwan safari hii nataka kubwa, tuenee mtaa mzima. Kashika kichwa. Nimemwacha apige hesabu. Mie nshawaambia majirani waje baada ya tarawehe, wachukue neno la siri.