Jinsi Nilivyomng'oa Haji Tulba

Ijumaa, 1 Machi

Tumefungwa tena. Mbili bila, nyumbani, na timu ambayo kipa wake alikuwa na mafua. Hatukumsumbua hata mara moja. Alipata muda wa kupenga kamasi, kukunja leso na kuirudisha mfukoni.

Klabu ya Menshar, yaani Msumeno, klabu ya maseremala wa mji wa Dumyat tangu enzi za babu yangu, sasa ni ya pili kutoka mkiani katika daraja la pili. Tukishuka daraja la tatu tutacheza vijijini, kwenye viwanja ambavyo mistari huchorwa kwa majivu. Zimebaki mechi saba.

Mkosaji ni mmoja. Haji Tulba, rais wa klabu, mwenye duka la samani la ghorofa nne. Amefukuza makocha watano tangu Agosti. Huyu wa sita anaitwa kocha, lakini kazi yake ni kupokea simu ya Haji na kuandika majina. Mfumo ni wa Haji mwenyewe: meza husimama kwa miguu minne, na nani amewahi kuona mguu wa meza ukitembea? Basi mabeki wetu wanne wamekatazwa kusogea. Leo mshambuliaji wao alipita katikati yao akiwa anatembea. Anatembea!

Fundi Barakat alikaa kando yangu kama kawaida, jukwaa la mashariki, ngazi ya tisa. Ni mchongaji wa mbao, ana miaka sitini na nane, hajakosa mechi ya nyumbani tangu ujana wake. Hakutukana. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Roho iliniuma. Nimeamua leo hii: Haji Tulba nitamng'oa mimi. Mimi, Wagdi, fundi wa kupaka vanishi.

Jumapili, 3 Machi

Mpango umekamilika. Ni mzuri mno.

Mechi ijayo, Ijumaa, jukwaa letu zima litainua vibao kwa wakati mmoja. Vibao mia nne na ishirini, vyeupe na vyeusi, kila mtu na chake. Vikiinuliwa, Haji aliyekaa jukwaa la upande wa pili atasoma neno moja tu, urefu wa nyumba: Irhal. Ondoka! Herufi nne za Kiarabu, nyeusi juu ya nyeupe. Alifu, ra, ha, lamu. Hakuna nukta hata moja, kwa hiyo hata mjinga hawezi kukosea.

Maboksi nimeyapata karakana, yale ya kufungia makabati. Nimeanza kupaka rangi. Insaf, mke wangu, anasema nguo zake zote zinanuka vanishi na roshani haina pa kuanika hata soksi. Nimemwambia klabu inaokolewa humu ndani. Akauliza kama inaweza kuokolewa karakana.

Nililazimika kumwambia Zaghlul. Huyu ndiye mkuu wa ngoma, anadhani jukwaa la mashariki ni urithi wa mama yake. Bila yeye watu hawainuki. Alichora mpango wangu upya kwenye karatasi yake, akaandika jina lake juu. Nimenyamaza. Historia itasema.

Jumanne, 5 Machi

Fundi Barakat alikuja karakana wakati wa chai. Yeye huchonga mbao za duka la Haji, kwa hiyo hujua mambo kabla ya wenyewe. Alinivuta pembeni, akanieleza kwamba Haji amechoka. Presha imepanda, daktari amemkataza uwanja, mkewe amemnunia tangu Januari. Barua ya kujiuzulu imekwisha kuandikwa. Fundi ameiona kwa macho yake mezani. Haji anakuja nayo Ijumaa mfukoni, mechi ikiisha anaikabidhi. Halafu klabu inachukuliwa na Mhandisi Nadir wa bandarini, mtu anayejua mpira, ambaye tayari ana kocha wa kweli anayesubiri. Mechi sita zitakuwa zimebaki. Inawezekana kabisa kubaki daraja la pili.

Mzee alikuwa anatabasamu. Sijamwona akitabasamu tangu tushuke mara ya kwanza.

"Kwa hiyo vibao vyako viache, mwanangu," alisema. "Mtu anaondoka mwenyewe. Usimguse."

Nilimwambia nimesikia. Ni kweli nilisikia.

Lakini nimekaa nikafikiri. Haji akiondoka kwa sababu mkewe amenuna, watu watasema nini? Watasema mke wa Haji ameokoa klabu. Vibao mia tatu vimeshapakwa! Zaidi ya hayo, barua si barua mpaka itoke mfukoni. Tutamsukuma kidogo tu. Mlango ukiwa wazi, kumsukuma mtu si dhambi.

Alhamisi, 7 Machi

Mazoezi nyuma ya kiwanda cha mbao. Mvua za Husum, zile za dhoruba za mwisho wa baridi, zimeanza mapema mwaka huu, upepo unakata masikio. Walikuja watu tisini. Neno lilitoka nusu, likasomeka kama jina la dawa ya kikohozi. Kesho watakuwa wote.

Ugomvi na Zaghlul. Anataka mtoa amri asimame chini, kwenye wavu, nje ya maandishi. Nikamuuliza, jemadari husimama wapi, vitani au barazani? Mimi nitasimama katikati ya jukwaa, kwenye sehemu nyeupe chini ya maandishi, pale ambapo kila mtu ananiona. Akasema nitaharibu. Nikamwambia ana wivu. Akasema sawa, simama, na ngoma yake akaibeba akaondoka bila kuaga. Ushindi wangu wa kwanza tangu Oktoba.

Ijumaa, 8 Machi

Sielewi.

Mvua ilinyesha tangu sala ya Ijumaa. Watu walikuja hata hivyo, Mungu awape afya. Fundi Barakat aliona vibao vinagawiwa, akanitazama. Alipokea cha kwake, cheupe, akakishika magotini.

Mimi nilishuka mahali pangu, katikati, nafasi nyeupe. Koti langu jeusi la msiba, ndilo zito kuliko yote. Mvua ikazidi, kipaza sauti changu kikaanza kukoroma, nikafungua mwavuli. Mwavuli mkubwa mweusi wa baba mkwe. Timu zikaingia. Nikapiga kelele: inua! Jukwaa zima likainuka kama mtu mmoja. Nilijisikia mrefu.

Ng'ambo, Haji Tulba alisimama. Alisoma. Akashika kifua. Nikasema moyoni, tayari, amepata. Akatoa karatasi mfukoni. Nilikuwa na machozi, nakiri.

Kisha akaichana. Mara mbili, mara nne, vipande vikaruka na upepo. Akanyakua kipaza sauti cha mtangazaji.

"Wanangu, leo nilikuja kuwaaga," alisema, na sauti ilikatika. "Nilidhani mnanichukia. Kumbe! Wallahi siondoki tena. Nitakufa nikiwa rais wenu."

Mchezo ukaanza. Mabeki wetu wakasimama. Tatu bila.

Jumamosi, 9 Machi

Zaghlul alikuja karakana asubuhi akiwa na picha kwenye simu, imepigwa kutoka jukwaa la Haji. Hakunisalimu. Aliiweka mbele ya uso wangu.

Herufi zilikuwa safi. Alifu, ra, ha, lamu. Sijawahi kuona maandishi yaliyonyooka vile. Ila chini ya ha, katikati kabisa, palikuwa na doa jeusi, la mviringo, lililokaa hasa mahali pa nukta. Ha ikipewa nukta chini huwa jimu, ambayo sisi huku huitamka ga. Hata mtoto wa madrasa anajua. Na Irhal ikipata nukta hiyo haisomeki tena ondoka. Inasomeka Argal. Dume kuliko madume yote.

Ndivyo tulivyomwambia Haji Tulba, watu mia nne, mvuani.

Niliikuza picha. Doa lilikuwa mwavuli. Chini ya mwavuli kulikuwa na viatu vyangu.

Nilimweleza Zaghlul kwamba kosa ni la mvua. Pia la alfabeti. Pia kama angepiga ngoma kwa kasi zaidi ningefunga mwavuli mapema. Akaniuliza kama nina akili timamu. Swali la kihuni, sikulijibu.

Fundi Barakat hakupita kunywa chai leo.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeitwa dukani kwa Haji Tulba! Ghorofa ya nne, zulia jekundu, sinia la vitamu vya mishabbak vinavyochuruzika asali. Nilikwenda nikiwa nimejiandaa kumwambia ukweli usoni. Nilikuwa nimeukariri njiani.

Haji alinikumbatia. Alitaka kumjua aliyebuni lile neno. Alisema mkewe ameiona picha, amelia, wamepatana, amepika bata. Daktari amepima presha, imeshuka. Akasema hajawahi kupendwa hivyo na watu asiowaajiri.

Ungemwambia nini mtu kama huyo, mdomo wako umejaa asali? Nikasema ilikuwa kazi ndogo tu.

Amenipa cheo. Mshauri wa Mashabiki, kiti jukwaa kuu, chini ya paa, safu ya pili. Nimekubali. Watu wasinielewe vibaya: nimekubali ili nimpindue kutoka ndani. Kutoka nje nimeshajaribu.

Mhandisi Nadir amerudi bandarini, wanasema amechukua klabu nyingine.

Insaf ameuliza kama cheo kinamaanisha roshani itakuwa wazi. Nikamwambia ndiyo. Hiyo ndiyo furaha pekee niliyoileta mwezi huu.

Ijumaa, 22 Machi

Leo nilianza kazi ya kupindua. Kabla ya mechi nilimweleza Haji, kwa adabu, kwamba mfumo wa meza umezeeka. Alinisikiliza! Akaniuliza ningeweka nini. Sikuwa nimefikiria mpaka hapo. Macho yangu yalikuwa kwenye tangazo la duka lake ukutani, nikasema kabati. Kabati la milango mitatu, Haji. Mabeki watatu, wanafunguka na kufunga.

Akasema wewe ni dume, Wagdi.

Walifunguka. Hawakufunga. Tano moja.

Kutoka chini ya paa nililiona jukwaa la mashariki vizuri kwa mara ya kwanza. Ni dogo kuliko nilivyodhani. Watu kama mia. Zaghlul aliwaongoza wimbo mpya wenye jina langu ndani yake, sauti nzuri, maneno siyaandiki. Fundi Barakat alikuwa ngazi ya tisa peke yake, ameacha nafasi pembeni ambako zamani nilikaa. Nilimpungia mkono. Labda miwani ilikuwa na mvua. Mvua haikunyesha.

Jumanne, 23 Aprili

Imekwisha. Jana tumeshuka daraja la tatu, mechi mbili zikiwa bado. Haji Tulba alilia mbele ya waandishi, akaahidi kubaki miaka kumi. Kocha wa saba amefukuzwa akiwa ndani ya basi.

Leo jioni nilikwenda kwa Fundi Barakat. Nilitaka kumweleza kwamba si kosa langu, nilikuwa na hoja sita. Alinikaribisha. Alinimiminia chai kama zamani, na hilo lilinifunga mdomo. Kibao chake cheupe kilikuwa jikoni, anakatia vitunguu juu yake. Alisema hana kinyongo. Alisema tu kwamba hatakwenda tena uwanjani.

"Miaka arobaini na minne, Wagdi," alisema. "Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinipikia mapema Ijumaa ili niwahi. Sasa nataka kukuuliza kitu, usinicheke. Watu wengine Ijumaa alasiri huwa wanafanya nini?"

Alingoja kidogo, akidhani nafikiri, kisha akainuka kuosha vikombe, na nikamwona mgongo wake, umekuwa mdogo. Ilinichoma. Nilitembea ukingoni mwa mto mpaka miguu ikauma, nikasema kweli, kwa sauti, kwamba mtu lazima amwokolee mzee huyu klabu yake.

Na papo hapo mpango ukaja. Julai kuna uchaguzi wa rais wa klabu. Haji hana mpinzani. Nitagombea mimi! Msumeno mikononi mwa fundi wa vanishi, mabeki watano, nimeshapata na jina la mfumo: kitanda. Nilipofika nyumbani nilimwambia Insaf arudishe soksi ndani, roshani ina kazi.

Vibao mia nne na ishirini vinapakwa upya. Safari hii jukwaa zima litaandika jina langu. Wagdi. Ni herufi nne, waw, jimu, dali, ya, na jimu inahitaji nukta moja chini yake, katikati kabisa. Hapo sitaki kumwamini mtu mwingine. Nitasimama mwenyewe.