Pingili Zangu na Kigoda cha Mkubwa

Jumatatu, 9 Juni

Kahigi, binamu yangu, ametangaza kilabuni kwamba yeye ndiye mkubwa wa ukoo. Kwa hiyo kigoda cha heshima kwenye harusi ya Jumamosi kule Kishanda ni chake, pamoja na kibuyu cha kwanza cha rubisi, pombe yetu ya ndizi! Eti alizaliwa kabla yangu. Ushahidi? Hana. Mimi pia sina. Mama zetu walihesabu kwa misimu ya kahawa, na wote ni marehemu.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata wazo! Mgongo unaniuma tangu mavuno. Nimetoka kwetu Kaagya hadi Bukoba mjini kupiga eksirei. Daktari, binti mpole, kasema pingili za uti wa mgongo zimechakaa na mito iliyo kati yake imesinyaa. Ni umri tu, mzee wangu. Nikaruka kwa furaha. Mgongo ukalia ko! Akaongeza kwamba uchakavu haupimi miaka, wengine huanza mapema. Nitembeetembee, nisikae sana, hasa kwenye viti vifupi. Sikusikiliza. Nilishapata neno langu.

Alhamisi, 12 Juni

Kikao cha ukoo. Nikaiweka picha dirishani. Kahigi akauliza kama ni mfupa wa samaki sato. Wakacheka, wajinga! Nikamtaka naye alete mgongo wake. Hana. Shangazi Ephrasia, mwenye neno la mwisho ingawa naye hakumbuki nani alitangulia, akaamua kwamba mgongo mbovu kiasi hicho hauwezi kuwa wa kijana. Kigoda changu! Kahigi kanuna.

Jumamosi, 14 Juni

Kishanda. Nimekalia kigoda. Rubisi tamu! Ila kwa desturi yetu mkubwa hainuki mpaka wenyeji wamalize hotuba. Na Wahaya kwa hotuba! Wa tatu alipoanza kusalimia, kiuno kilishakufa ganzi. Kahigi, "kijana", anacheza ngoma na kutafuna nyama. Waliponiinua nikabaki nimekunjika vilevile. Kahigi akanibeba mgongoni mpaka kwenye gari, wageni wote wakitazama. Akaniambia nitulie, kaka mkubwa. Aibu!

Jumatatu, 16 Juni

Nimelala chali. Anatolia, mke wangu, ananikanda kwa maji ya moto na kunisema: daktari alikuonya. Kweli. Nimetubu. Kigoda akichukue anayekitaka.

Jioni Kahigi kaja kunijulia hali, anachechemea. Kasema kunibeba kumemmaliza goti. Anakwenda kulipiga picha kabla ya harusi nyingine ya ukoo, ya Agosti, waone nani mzee.

Goti! Moja! Mimi yananiuma yote mawili.

Nimemwambia Anatolia anipigie pasi shati jeupe. Kesho natangulia mjini, hata kwa kutambaa.