Unyayo wa Shangazi Bernadetha

Jumatano, 16 Oktoba 2024

Nimerudi kutoka Mpanda. Semina imeisha. Mimi si mchora vibao tena! Mimi ni msanii wa chapa za majaribio. Jeniffer, mke wangu, ameuliza kama chapa za majaribio zinapikwa na mboga gani.

Mwalimu wetu, Jean-Marie kutoka Burundi, anasema si lazima uchonge ubao. Paka wino kitu chochote, weka karatasi, kandamiza. Gunzi la mahindi, jani, kandambili iliyokatika. Tarehe 2 Novemba, Siku ya Marehemu, kuna maonyesho kwenye ukumbi mmoja huko mjini. Mada ni kifo. Kazi moja, iliyo bora kuliko zote, itapelekwa Dar es Salaam. Dar! Itatundikwa pamoja na kazi za watu wenye majina.

Yotham naye alikuwepo. Yotham wa mabango ya misiba, jirani yangu hapa Majimoto. Zamani msiba ukitokea watu walikuja kwangu niandike msalaba kwa mkono, herufi zimenyooka. Siku hizi wanaenda kwake, mashine inatema fulana zenye picha ya marehemu kabla hata kaburi halijachimbwa. Kachukua misiba yote, sasa anataka na sanaa. Mtu hashibi huyu!

Ijumaa, 18 Oktoba

Nina wino. Nina rola. Nina karatasi za mifuko ya saruji, nimezikung'uta mpaka nikapiga chafya kama mbuzi. Kitu ambacho sina ni kifo. Hakuna msiba Majimoto! Mwezi wa nane watu walipukutika, mimi sina wazo lolote kichwani. Leo nina wazo, wote wazima. Hata yule mzee wa jirani aliyepakwa mafuta ya wagonjwa mara mbili nimemwona anaendesha baiskeli.

Mchana wazo limeshuka. Nisingoje waliokufa. Nichukue nyayo za wanaoelekea! Miguu ya wazee, iliyotembea mashamba ya mpunga miaka yote, sasa iko karibu kufika. Nilipolifikiria vizuri machozi yakanitoka.

Nikaanza kazi hapo hapo. Mzee wa kwanza nimemkuta mashineni anasaga. Nilipotaja unyayo akaficha miguu chini ya benchi. Bibi wa pili ameniuliza nimetumwa na nani. Najua wanachowaza. Eti ukichukua unyayo wa mtu umemchukua mwenyewe. Ushamba mtupu! Mimi siamini mambo hayo hata kidogo.

Jumapili, 20 Oktoba

Akili ni nywele, na mimi zangu ni nyingi. Baada ya misa nimetangaza nje ya kanisa kwamba kuna wafadhili wanataka kuwapa wazee viatu, na mimi nimepewa kazi ya kupima miguu. Sikusema wafadhili gani. Hakuna aliyeuliza.

Foleni! Hadi pale kwenye duka la pembejeo. Yule mzee wa mashineni alikuwa mbele kabisa, ananyoosha mguu kabla sijamwambia. Bibi mmoja ameomba vya kisigino. Mwingine kaleta mguu wake na kipande cha kamba chenye kipimo cha mguu wa dada yake aliyeko Kasekese.

Shangazi Bernadetha amekuja wa mwisho. Huyu ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alininunulia rangi ya kwanza, ile niliyompaka mbuzi wa paroko. Mguu wake wa kushoto hauna kidole kidogo, kiliondoka na jembe shambani Mwamkulu kabla sijazaliwa. Unyayo wake umetoka mzuri mpaka nikashika mdomo. Nyufa zote, kisigino kama ardhi ya Oktoba, na ile nafasi ya kidole. Ameniambia anapenda rangi nyeusi, visiwe vya kufunga kamba. Nilisikia kitu kinanichoma kifuani. Nadhani ni njaa.

Jumanne, 22 Oktoba

Kazi zilikuwa nzuri lakini hazikusema kifo. Zilisema miguu. Nimekaa nazo asubuhi nzima. Halafu nikapata! Chini ya kila unyayo nimeandika kwa mwandiko wangu wa misalaba: jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi tupu. Bernadetha, 1949 –. Basi. Mtazamaji ajazie mwenyewe moyoni.

Jeniffer ameangalia kwa muda. Amesema Baba Faith, choma hizi kabla mtu hajaziona. Nimemweleza kuhusu nafasi tupu katika sanaa. Amesema nafasi tupu iko mahali pengine, akanigusa kichwa.

Ya shangazi nimeituma Mpanda kwa basi, kwa Jean-Marie. Zilizobaki nimezianika kwenye kamba ndani ya banda langu la kazi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Yotham! Yotham! Yotham!

Alikuja bandani mimi nikiwa sokoni, eti kuazima koleo. Nimerudi nimekuta amesimama kwenye kizingiti, amezungukwa na nusu ya Majimoto, anawasomea wazee kwa sauti ya kutangaza msiba. Jina. Mwaka wa kuzaliwa. Kistari. Halafu ananyamaza, anawaangalia, anatikisa kichwa. Nikipata nafasi nitamchapa yeye.

Nimejaribu kueleza sanaa. Bibi wa visigino ameniuliza kama mwaka wa mwisho nitaujaza mimi mwenyewe au kuna mwenzangu. Mzee wa mashineni ameketi chini akasema mguu umeanza kufa ganzi. Wengine, na hawa ndio walionimaliza, wameuliza viatu vinakuja lini.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mkutano wa kitongoji. Mwenyekiti wetu, mzee Ponsian, ameniketisha kwenye kigoda katikati kama mwali. Neno lile hakuna aliyelitamka, lakini lilikuwa limekaa na sisi pale. Ponsian amesema anajua mimi, Danford, ni mpumbavu wa siku nyingi, na anaomba Mungu iwe ni hivyo tu. Nimegundua ananitetea.

Imeamuliwa kila mmoja apewe unyayo wake mkononi, hadharani. Wengine wamechana, wengine wamechoma, bibi wa visigino ameukunja akautia ndani ya blauzi. Halafu shangazi akanyoosha mkono. Sikuwa na cha kumpa. Nimesema wake uko Mpanda. Ameuliza Mpanda kwa nani. Nimesema kwa Mrundi mmoja. Ameondoka anachechemea, naye jana hakuwa anachechemea.

Jumapili, 27 Oktoba

Shangazi hali chakula. Tangu Ijumaa ni maji tu. Hakuja misani, yeye ambaye alikwenda misani na malaria. Nimempelekea uji, ameugeukia ukuta. Amemwambia Jeniffer amlete binti mmoja wa Utume wa Wanawake waandae sare yake ya kuzikiwa, ipigwe pasi.

Nimeogopa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu atasoma: nimeogopa sana. Nimekaa nyuma ya banda nikalia, na safari hii si kwa uzuri wa wazo.

Nimempigia Jean-Marie arudishe kazi. Amefurahi kunisikia! Amesema hajaona kitu kama kile, kimetundikwa katikati, mtu wa Dar anayechagua kazi amekipiga picha, karibu hakika ndicho kitakachochaguliwa. Nikasema asante. Nikakata simu. Kile nilichopiga kukisema sikukisema.

Lakini si nina miguu? Nimepaka wino unyayo wangu, nimekandamiza kwenye karatasi ya saruji, nimefuta kidole kidogo kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Bernadetha, 1949 –. Mwandiko ule ule. Hata malaika hatambui! Shangazi atapona, Dar nitakwenda, Yotham atakufa kwa wivu. Kesho napeleka.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nimempelekea. Nimesema nimesafiri alfajiri kuufuata, mavumbi yote haya. (Nilijipaka mavumbi.) Ameushika. Ameusogeza dirishani. Ameuangalia, akaniangalia mimi, akauangalia tena. Mabega yakaanza kutikisika. Nilijua analia kwa furaha, nikatoka nje kwa heshima.

Saa sita amekula ugali na migebuka, akaomba nyongeza. Amekwenda kisimani mwenyewe. Hachechemei!

Mimi ni msanii na ni daktari pia.

Jumamosi, 2 Novemba

Mpanda. Nimeshinda! Unyayo wa shangazi unakwenda Dar! Mtu wa Dar amesema kistari changu kimemnyima usingizi. Yotham alileta bango la rangi saba lenye malaika na mshumaa. Watu walilipita wakidhani ni tangazo la ukumbi. Nimesimama karibu yake makusudi nikipokea mikono ya pongezi.

Nimempigia Jeniffer. Nilitarajia vigelegele. Ameniuliza kama nimekaa. Amesema leo padre amekwenda makaburini kubariki, na shangazi amekwenda na jembe na ile karatasi. Amechimba pembeni ya kaburi la babu, ameifukia, padre akapita na maji ya baraka akanyunyiza bila kujua. Mawe juu. Maua juu. Watu wameimba.

Nikasema vizuri, amezika hofu yake. Jeniffer akaniuliza mle ndani kuna mguu wa nani.

Jumapili, 3 Novemba

Nimerudi na basi la kwanza. Mguu wa kulia una joto. Chini ya kisigino kuna kitu kinatembea. Jeniffer ameangalia, amesema ni mwiba. Siyo mwiba! Najua mwiba.

Siamini mambo hayo. Nimekwenda makaburini kwa sababu za kisanaa tu, na jembe. Nimeondoa maua, nimeondoa mawe, nimeanza kuchimba. Nilikuwa nimefika magotini nikasikia mtu anakohoa. Shangazi, na nyuma yake mwenyekiti Ponsian, na nyuma yake Yotham na simu yake iliyonyanyuliwa juu.

Shangazi amewaambia wangoje kule barabarani. Kisha ameniuliza natafuta nini. Nimesema nasafisha. Ameuliza tangu lini kaburi linasafishwa kutoka ndani. Nikasema yote, unyayo wangu, kidole, mavumbi, Dar.

Akacheka mpaka akajishikilia kwenye msalaba wa babu. Amesema alijua siku ile ile pale dirishani. Amesema kweli alikuwa ameogopa, alikuwa anajiona anakwenda, kwa sababu mtoto aliyemlea amemgeukia. Ndipo nikamletea mguu wa kulia. Kidole chake kilikatika kushoto! Amesema mchawi asiyejua kulia na kushoto hawezi kuua hata kuku wa mtu, na hapo hapo njaa ikamshika. Kuzika ile karatasi alifanya makusudi, aone msanii asiyeamini atakuja na jembe siku ya ngapi. Alidhani nitafika Jumatano.

Nimemwambia nitaurudisha wake kutoka Mpanda. Nilisema kweli, nilikuwa tayari, roho inaniuma lakini tayari. Amekataa. Amesema yeye mwenyewe hajawahi kufika Dar na hatafika. Acha mguu uende, uone bahari. Ila nimwambie yule mtu wa Dar asithubutu kujaza ile nafasi.

Tumetembea pamoja kurudi. Alinishika mkono, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nachechemea.

Jumanne, 5 Novemba

Jeniffer ametoa mwiba. Mrefu! Bado sina uhakika kama ni wenyewe.

Nimeapa mbele ya mwenyekiti Ponsian: nyayo basi, maishani mwangu. Nimeelewa kosa langu. Kosa lilikuwa kuomba. Ukiwaomba watu wanashtuka, wanauliza maswali, wanataka viatu.

Jean-Marie amepiga simu. Kuna maonyesho mengine mwezi wa tatu, mada ile ile. Safari hii sitaomba wala sitasumbua mzee yeyote. Nimeshapata kitu chepesi, kinachotoka vizuri kwenye wino, na watu wenyewe wanakitupa chini na kwenda zao: nywele. Kesho nitaanza kupita kwa vinyozi jioni, wakishafunga, niokote kimya kimya, kila mzee kwenye bahasha yake yenye jina lake. Sijui kwa nini sikuanza na hilo. Nani atakasirikia nywele?