Malalamiko ya Msajili Kuhusu Nywila Zilizofichwa

Kwa Bwana Mwenyekiti wa Kamati ya Maktaba ya Mtaa,

Pokea heshima zangu kabla hujapokea lawama. Nimesoma barua yako inayonitaka nitie sahihi, kabla ya Ijumaa, kwamba nitafuata utaratibu mpya wa tovuti ya maktaba. La sivyo, usajili wa wanachama utakabidhiwa shemeji yangu, kinyozi. Nimekuwa msajili kwa miaka kumi na tisa. Tangu nistaafu ualimu, meza ile iliyo karibu na dirisha ndiyo sababu ya mimi kuvaa viatu asubuhi. Kwa hiyo siandiki kwa mzaha.

Kwanza. Fomu yangu ya kumsajili mwanachama ilikuwa na nafasi kumi na nne, ikiwamo ya tabia. Binti aliyeletwa kutengeneza ukurasa wa usimamizi amebakiza tatu tu: jina, barua pepe na nywila. Nilipomuuliza tabia imekwenda wapi, alinijibu, "Mzee wangu, kompyuta haina haja ya kujua nani haitikii salamu." Kompyuta haina, mimi ninayo. Kwa shemeji, kwa mfano, nilikuwa nimeandika: "Hurudisha vitabu kwa wakati, vikiwa na nywele." Maarifa ya namna hiyo yamefutwa.

Pili. Zamani mwanachama akisahau nywila yake, nilifungua daftari langu nikamsomea kwa sauti, mara mbili, ili hata walio nyuma kwenye foleni wamsaidie kukumbuka. Hapakuwa na manung'uniko. Sasa nikifungua fomu ya mwanachama, mahali pa nywila naona mkururo wa herufi na tarakimu usiotamkika, kana kwamba paka amepita juu ya vibonye. Binti anasema ndivyo inavyotakiwa, kwamba kompyuta huivuruga nywila ili isisomeke, na kwamba hata yeye haoni kitu. Basi ni nani anayeona?

Nilichukulia kuwa ni uchafu, nikausafisha. Kwa wanachama arobaini na mmoja nilifuta mkururo huo na kuandika nywila zao halisi kutoka daftarini. Tangu Jumatatu hakuna hata mmoja wao anayeweza kuingia. Fundi cherehani alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Mwalimu, mimi nimekosa nini jamani? Nilitaka kuongeza siku za kitabu tu." Nilimwongezea siku hizo kwa kalamu, pembezoni mwa daftari, nikikwepa macho ya mtu niliyemfundisha kusoma.

Tatu. Nywila yangu mwenyewe, niliyoitumia tangu tovuti ianze, imekataliwa kwa maelezo kwamba ni ya kawaida mno. Nimeitwa mengi, Bwana Mwenyekiti. Wa kawaida, bado. Kisha fomu inanitaka niandike nywila mpya mara mbili, kama shahidi anayeshukiwa.

Kwa hiyo naomba nywila zote zirudi kuonekana. Zibandikwe ukutani kwa mpangilio wa alfabeti. Mpya zijadiliwe katika mkutano mkuu na kupitishwa kwa kunyoosha mikono. Na asiyeridhika na nywila aliyopitishiwa akate rufaa kwako kwa maandishi, akiitaja.

Nisalimie wajumbe wote, mlinzi wa mlangoni, mama anayepiga deki, na binti wa tovuti, ambaye simchukii. Shemeji usimsalimie, anaishi kwangu, tunasalimiana kupita kiasi.

Wako katika utumishi na subira,
Msajili wa Wanachama (hadi sasa)

Baada ya sahihi: Kabla sijaifunga bahasha, binti alifika nyumbani. Amenionyesha, chini ya ule mkururo, mstari mdogo usemao kwamba nywila haibadilishwi hapo bali kwa fomu nyingine, na mahali pa kubofya. Nami niliwaadhibu watoto miaka thelathini kwa kutosoma swali hadi mwisho! Tumekwenda maktabani, tukawaita wote arobaini na mmoja. Kila mmoja ameandika ya kwake, mimi nikitazama dari. Halafu nikaandika yangu, ndefu, mara mbili, bila kuinong'ona. Karatasi yako nimeitia sahihi, imo humu; malalamiko yote yachukulie hayakuandikwa. Mke wangu ameniuliza nywila hiyo mara tatu tangu jioni ianze. Simwambii. Ni siri yangu ya kwanza katika ndoa ya miaka arobaini na sita, Bwana Mwenyekiti, na kumbe siri ni tamu.