Behewa la Ng'ombe la Hezekia

Jumatatu, 1 Julai 1996

Mzungu wetu, yule mhandisi wa mradi wa reli, ameondoka. Kapita stesheni na gari, anakwenda Mikumi kutazama tembo kabla ya kupanda ndege. Kaniachia bahasha nimpe Hezekia. Hezekia ni mwenzangu, mkaguzi wa mabehewa kama mimi. Miaka kumi na tisa tunagonga magurudumu pamoja hapa Kilosa, kila mtu na nyundo yake, tukisikiliza lipi limepasuka. Sasa yuko likizo Masanze, anavuna.

Nimeifungua. Kuangalia tu! Ndani kuna magurudumu manne madogo na bamba la shaba ya njano, jembamba kama jani la muhindi, limechorwa vipande: kuta, sakafu, breki. Unavikata, unavikunja, unavilehemu, unapata behewa la ng'ombe la kukaa kiganjani.

Nikawaza. Shirika linapunguza watu. Kilosa atabaki mkaguzi mmoja. Jumamosi bosi anakuja kutoka Morogoro na orodha. Mtu akimkabidhi behewa alilounda kwa mikono yake, atapunguzwaje? Hezekia ana shamba. Mimi nina watoto sita. Kwenye sakafu mzungu kachora kwa sindano: HEZEKIA. Hilo litafunikwa na risasi ya kulehemia. Namtunzia tu.

Jumanne, 2 Julai

Bernadetha kauliza bahasha ni ya nani. Nikamwambia ni kazi ya ofisi. Mke wangu akaguna.

Maelekezo ni ya Kiingereza. Nimefuata picha. Nimekunja ukuta wa kwanza, safi kabisa, nikajipongeza. Ndipo nikaona namba za behewa zinatazama ndani. Nikajaribu kuukunjua. Pa! Umekatika palepale kwenye mkunjo. Wa pili nao nilishaukunja vilevile, nimeuacha. Ng'ombe wakiwa ndani watajua wamepanda behewa gani.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeazima chuma cha kulehemia kwa fundi redio wa Mabwerebwere. Unakichoma kwenye mkaa. Nimelishika jiko la Bernadetha tangu asubuhi, watoto wamekula chakula cha mchana saa kumi. Vidole viwili vimeungua. Jina la Hezekia limefunikwa. Nilipolifunika moyo ulinichoma kidogo, nikaendelea.

Vimebaki vipande vinne visivyo na kazi. Nimempa Naisenya, mama wa Kimaasai anayetuletea maziwa. Kafurahi sana. Jioni nikaangalia picha tena. Ilikuwa milango! Yote minne!

Ijumaa, 5 Julai

Nimemfuata Naisenya sokoni. Milango inaning'inia masikioni, miwili huku, miwili kule, na shanga juu. Nikamwomba anirudishie. Akaniambia ng'ombe wa kupita kwenye mlango huo hajazaliwa, na alichopewa kapewa. Soko zima likacheka. Basi, behewa halina milango.

Hezekia karudi, kaja nyumbani moja kwa moja. Katuletea gunia la mahindi, kasema ni ya watoto. Kauliza kama mzungu aliaga. Nikasema aliaga. Kauliza kama aliacha chochote. Nikasema aliacha salamu nyingi. Behewa lilikuwa chini ya kiti alichokalia.

Usiku nimekula ugali kidogo tu.

Jumamosi, 6 Julai



Bosi kafika. Tumejipanga, mimi na Hezekia bega kwa bega. Nikafunua kitambaa. Bosi akastaajabu, akanyoosha mkono apokee. Na hapo ndipo! Miaka kumi na tisa sijaachia behewa bila kuligonga. Mkono ukaenda kiunoni wenyewe, ukachomoa nyundo, ukagonga gurudumu. Kidogo tu! Behewa likaachana lote. Vipande vikatapakaa kwenye viatu vya bosi.

Hezekia akapiga magoti kuokota. Sakafu ilikuwa imebanduka risasi yote. Akaisoma. Akaitia kwenye mfuko wa shati. Akamwambia bosi kwamba kulehemu shaba ni kazi ngumu na mwenzake kajitahidi sana.

Bosi akasoma orodha. Anayeondoka ni Hezekia. Akaeleza kwamba orodha ilikwisha wiki iliyopita. Hezekia alikatisha mavuno akaenda mwenyewe Morogoro, akaomba liandikwe jina lake badala ya langu, maana mimi nina watoto sita na sina hata robo eka.

Nilitamani anitukane. Alinipa nyundo yake, akasema mpini wake ni mzuri kuliko wangu.

Jumapili, 7 Julai

Sabasaba, watu wanasherehekea. Nimemsindikiza Hezekia nikisukuma baiskeli yake, godoro limefungwa nyuma. Nimemwambia yote, hata milango. Nimeomba msamaha. Kasema yamekwisha. Kwake labda. Mimi nimerudi peke yangu nikilia barabarani, mtu mzima na mvi zangu. Rafiki kama yule sitampata tena.

Nimeapa mbele ya Bernadetha: mzigo wa mtu sitaufungua tena maishani. Akaguna.

Jumatano, 24 Julai

Umefika mzigo kutoka Ulaya. Wa Hezekia. Nimeusaini mimi, nani mwingine? Mzito. Nimeutikisa, unalia shaba. Lazima ni injini ya treni!

Bernadetha kasema niupeleke Masanze leo hii. Nitaupeleka, Jumapili. Lakini nimewaza. Kumpelekea mtu niliyemkosea vipande vitupu ni aibu. Nikimkabidhi injini iliyokwisha kuundwa, ndipo ataamini kwamba nimejuta kweli. Nafungua kidogo tu, nione picha.

Safari hii sigongi. Nyundo zote mbili nimempa Bernadetha azifiche. Chuma kiko kwenye mkaa.