Ombi la Kunenepeshewa Kamera

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KAMERA YENU NYEMBAMBA KUPITA KIASI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpiga picha wa harusi, mahafali na pasipoti, mwenye studio ya chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la vioo. Kwa miaka ishirini na miwili watu wameniita Flashi, na kwa muda wote huo sijamwandikia mtu barua ya kulalamika, hata huyo kinyozi ambaye nywele za wateja wake huhamia kwenye pazia langu jeupe. Ila ninyi mmenifikisha mahali.

Naanza na mema, nisije nikaonekana sina shukrani. Miaka yote hiyo nilibeba kamera kubwa, lenzi tatu, taa na stendi, mpaka bega langu la kulia likashuka chini ya mwenzake, fundi cherehani akawa ananishonea koti kwa vipimo viwili. Daktari aliniambia nichague, bega au kamera. Nilichagua kamera. Hapo ndipo binti yangu, ambaye ni muuguzi na hana subira na wagonjwa wabishi, alipoingia dukani kwenu akaniletea hicho kitu kama zawadi. Alikiweka mezani nikadhani ni kadi ya pongezi, nikaanza kutafuta pa kuifungulia.

"Baba, hiyo ni kamera," akaniambia.

"Na iliyobaki iko wapi?" nikamuuliza.

Ni kweli inaingia kwenye mfuko wa shati. Ni kweli picha zake ni safi, siwezi kusema uongo kwenye barua rasmi. Ni kweli bega limeanza kupanda. Hayo ndiyo mema yake na nimeyamaliza. Sasa tuzungumze.

Lalamiko la 1: Haionekani.

Jumatatu ya kwanza ilipotea nyumbani. Mke wangu, mwalimu wa hesabu, aliacha kusahihisha, tukainua makochi, tukakung'uta mapazia, nikampigia simu fundi bomba aliyekuja asubuhi nikamwambia maneno ambayo leo nayaonea haya. Ilikuwa mfukoni mwangu. Kamera yangu ya zamani haijawahi kunipeleka kwa fundi bomba kuomba radhi. Wiki iliyofuata tuliikuta katikati ya daftari za kidato cha pili. Mke wangu alikuwa ameiweka iwe alama ya pale alipoishia kusahihisha. Hongereni sana. Mmetengeneza kifaa cha kitaalamu ambacho mwalimu mwenye shahada mbili hawezi kukitofautisha na kipande cha kadibodi.

Lalamiko la 2: Vitufe na kadhalika.

Sijui mhandisi wenu alipima vidole vya nani. Nahisi ni vya mtoto mchanga, tena aliyezaliwa kabla ya siku zake. Nikigusa cha kuwashia flashi, kinaitikia cha lugha, na kwa siku tatu kamera ilizungumza nami kwa maandishi ambayo hakuna mtu mtaani kwetu anayeyasoma. Kwenye mahafali ya chuo cha ushonaji niliwapiga wahitimu wote, mmoja baada ya mwingine, na kwa kuwa hakuna pa kushikia, kidole changu kilijitokeza pembeni katika kila picha. Mkuu wa chuo alizipitia kwa makini, kisha akauliza lile pazia la kahawia nililipata wapi, maana amelipenda. Nikamjibu limeisha dukani. Mnanifundisha uongo katika umri huu! Na betri nayo ni nyembamba kama mwenye nyumba wake: hukata roho keki inapokatwa.

Lalamiko la 3: Imenivunjia heshima.

Zamani nikiingia ukumbini watu walinipisha. Begi lilitangulia, tumbo likafuata, mimi nikaja nyuma, na hakuna aliyeuliza mimi ni nani. Sasa, kwenye harusi ya mwezi uliopita, mlinzi wa mlangoni alinitazama juu mpaka chini.

"Mpiga picha gani hana begi?" akasema. "Kaa na wageni, mzee. Chakula kipo."

Nilipoingia kwa huruma ya mpambaji, mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti mara tatu, "Mpiga picha yuko wapi jamani, tunachelewa!" Nilikuwa nimesimama mbele yake, nampiga picha akitangaza. Halafu mjomba wa bwana harusi akanigusa begani, akanipa simu yake. "Hebu nipige na hii," akaninong'oneza kwa upole wa mtu anayetoa msaada, "ni kubwa kidogo."

Lalamiko la 4: Haina sauti. Hili ndilo lililonifanya ninunue karatasi hii.

Kamera yangu ya zamani ililia kama mlango wa stoo. Watu waliisikia, wakavuta mashavu, wakapanga sura walizotaka zikumbukwe. Huo ndio ustaarabu. Hii ya kwenu haisemi neno, na flashi ikizimwa hata jani halitikisiki.

Katika harusi hiyo hiyo, baba wa bibi harusi alikuwa hakimu mstaafu. Kila mtu ukumbini alijua kwamba hakumtaka mkwe, kijana fundi wa friji, na kwamba hakuwa amezungumza na binti yake mwaka mzima zaidi ya salamu. Alikaa meza ya mbele kama anayesubiri mshtakiwa asimame. Aliniita akaniambia, "Nataka picha yangu moja tu. Nimesimama, nimenyooka." Nikampiga. Alinyooka mpaka nikaogopa atavunjika.

Maharusi walipotoka kwenda kwenye gari, wageni wote wakawafuata. Mimi nilikwenda nyuma ya jukwaa kubadilisha betri, kama nilivyokwisha kueleza. Huko, kwenye viti vya akiba vilivyopandanishwa, nilimkuta Hakimu. Alikuwa ameketi na viatu vya binti yake mapajani, vile viatu vya kawaida alivyokuja navyo kabla ya kuvaa vya sherehe. Alikuwa anavifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, soli kwa soli, na machozi yakimtoka bila kuyafuta, kwa sababu leso ilikuwa na kazi.

Kidole kilibonyeza. Nasema kidole, si mimi. Hakusikia. Angesikia angegeuka, angekunja uso, na tungekuwa na picha ya pili ya mtu aliyenyooka.

Kioo chenu ni kidogo kiasi kwamba sikuweza kuzichambua picha vizuri. Niliziweka zote kwenye flashi diski, nikampelekea bibi harusi. Siku nne baadaye Hakimu aliingia studio na suti kamili, akakaa kwenye kigoda cha pasipoti bila kukaribishwa.

"Nani alikuruhusu?" akauliza.

"Hakuna, Mheshimiwa."

"Kamera ulikuwa nayo wapi?"

"Mkononi, Mheshimiwa."

"Sikuiona."

"Hakuna anayeiona. Ninaandaa barua."

Kwa jirani mashine ya kunyolea ilinguruma ikakoma. Kisha akaniambia kwamba binti yake alikuja nyumbani jana yake na picha hiyo mkononi, hakusema hodi, akamlilia "hapa," Hakimu akagusa kola ya koti lake. Binti alikuwa amekaa mwaka mzima akiamini baba yake amemtoa moyoni.

"Futa," akasema Hakimu.

Nikaanza kutafuta kitufe. Mnajua wenyewe muda unaohitajika. Kabla sijakipata akaweka mkono juu ya kamera.

"Usifute. Nitolee nakala. Iwe ndogo, ya kuingia kwenye pochi." Akasimama, akanyoosha koti. "Na usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Alisema mwenyewe, kila alikokwenda.

Lalamiko la 5 limezaliwa na la 4. Mimi ni mpiga picha, si msuluhishi wa familia, na leseni yangu haitaji machozi popote. Lakini sasa wanakuja. Wanataka wapigwe "kama Hakimu," yaani bila kujua. Juzi mama mmoja alilipia apigwe bila kujua, kisha akakaa kwenye kigoda saa nzima akiniuliza kila dakika kama tayari. Ndugu wawili wasiosemezana waliletwa na dada yao, wakapewa kiti kimoja kimoja kila pembe ya studio, na mimi nikaambiwa nisubiri wajisahau. Walijisahau baada ya saa mbili, mmoja alipoomba maji na mwenzake akampelekea. Sina tena Jumamosi. Kinyozi analalamika kwamba wateja wangu wanakalia benchi lake wakipangusana pua.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba yafuatayo: (a) kamera yangu iongezwe unene wa vidole vitatu, viwe vyangu, si vya mhandisi, (b) iongezwe uzito, hata kwa kuwekwa kipande cha chuma kisicho na kazi, (c) ifungwe kengele, ili watu wapate nafasi ya kujificha kama zamani, (d) nipewe barua yenye mhuri inayothibitisha kwamba mimi ni mpiga picha, niwe nawaonyesha walinzi. Mkishindwa, rudisheni kila kitu kama kilivyokuwa, pamoja na bega langu bovu, na Hakimu asiyelia.

Nisalimie wote hapo ofisini, wa kaunta na wa stoo, na huyo mhandisi pia, ambaye sina kinyongo naye zaidi ya hiki cha kurasa tatu.

Wako katika kuteseka,

Flashi
Mpiga picha

Nyongeza: Nimeandika barua hii mezani nyumbani, nikidhani niko peke yangu. Nilipokuwa nafunga bahasha mke wangu alinisogezea kamera nione. Kuna mzee ndani yake, miwani imeshuka puani, kalamu mkononi, anacheka na karatasi mpaka fizi zinaonekana. Sikujua kwamba nikilalamika huwa nacheka. Nyumba nzima haina picha yangu hata moja tangu ya harusi yetu, na katika ile nilibana tumbo. Mke wangu aliitazama tena, akasema, "Huyu namjua," akaitia kamera kwenye mkoba wake wa kazini akafunga zipu. Hairudi. Kwa sababu hiyo maombi yote manne nayaondoa, na nawaomba mniwekee nyingine, nitaifuata mwenyewe Jumatatu asubuhi. Msiinenepeshe hata kwa unywele.